Kompyuta ya Tata Werema

Mimi siyo mwanamke wa kunung'unika chini chini. Nikikasirika, Itiryo nzima inajua. Kwa hiyo mume wangu Wangwe alipoingia uani na kompyuta nyingine mbovu nyuma ya pikipiki, imefungwa kwa mpira kama mbuzi anayepelekwa mnadani, nilisimama mlangoni, mikono kiunoni, nikamwambia, "Hiyo haiingii humu."

"Mama Happy, hebu iangalie kwanza."

"Nimeshaiangalia. Ni sanduku la vumbi."

"Ina Windows 95! Haijaguswa na mtu!" akasema, kwa sauti ile ambayo wanaume wengine husifia fahali.

Ikaingia. Zote huingia. Mume wangu ni fundi wa redio na simu pale senta, na kazi yake anaijua, sina neno. Ila kompyuta za zamani ndizo ugonjwa wake. Jamaa zake wa Sirari wakisikia kuna ofisi inatupa moja upande wa Kenya, wanampigia, naye anafunga kibanda mchana kweupe, wateja wabaki na simu zao mkononi. Nilipomlalamikia mama yangu kule Kenyamonta, alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia, "Boke, wenzako waume zao wana pombe na vimada. Wewe wako ana masanduku. Nyamaza ushukuru Mungu."

Nishukuru vipi, na masanduku yenyewe yako chumbani kwangu? Nyumba yetu ni ya udongo na fito, imepigwa bati, na chumba chenye sakafu ya saruji ni hicho hicho tunacholala. Betri ya sola iko humo. Kwa hiyo nalala na mume mmoja na kompyuta tano. Nikiamka usiku nakanyaga kibodi.

Ukimuuliza anapenda nini kwenye hayo mabati, kaa chini, maana chai itapoa. "Hii haikuulizi nenosiri," atakuambia. "Haikudai bando. Haikuambii subiri nijisasishe. Unaiwasha, inakuambia niko hapa, nipe kazi. Basi!" Ana rafiki yake huko Poland, hawajaonana hata siku moja, wanatumiana picha za ndani ya kompyuta kama watu wanaotumiana picha za watoto. Mimi nilikuwa nawacheka wote wawili.

Nilicheka mpaka siku mama mkwe wangu, Mama Mokami, alipokuja jikoni kwangu, akaketi kwenye kigoda, na uji niliompa hakuugusa.

"Ni macho ya baba yenu," akasema mwishowe. "Daktari wa Musoma anasema ni presha ya macho. Iliyokwenda imekwenda, na hiyo iliyobaki nayo inakwenda."

"Pole, Mama. Hakuna dawa?"

"Ya kuchelewesha ipo. Ya kurudisha hakuna. Sasa yeye hajaomba kitu. Unamjua. Lakini juzi alisema, angependa kuiona ile kijani yake mara moja tu, kabla giza halijafunga."

Nilijua anasema nini. Kila mtu hapa anajua, maana ilikuwa hadithi ya kuchekea. Zamani, mimi sijazaliwa, kulikuwa na mradi wa kahawa. Wazungu wa mradi walileta kompyuta moja na jenereta, wakamfundisha karani wao, ndiye huyu Tata Werema, yaani Baba Werema, baba mkwe wangu. Kioo chake kilikuwa cheusi, na maandishi ya kijani. Mradi ukafa, wazungu wakaenda zao, kompyuta akaachiwa yeye. Sasa fikiria mwenyewe: umeme wa nguzo hapa umekuja juzi, na senta bado wako watu wanaoungoja. Nani angemwamini mzee anayesema alikuwa anatumia kompyuta wakati sisi tunawasha koroboi? Kwenye pombe za wazee walimwita Tata Kompyuta, wakagongana vifua kwa kicheko. Akaacha kusema. Aliyeendelea kumwamini ni mtoto wake Wangwe, na huko ndiko ugonjwa ulikotoka.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kwenye ghala la mtama la Mama Mokami, miaka yote hiyo. Wangwe aliitamani mate yamtoke, lakini hakuthubutu kuiomba. Kwetu Wakurya baba na kijana aliyeoa wana insoni kati yao, aibu ya heshima. Hawataniani, hawalali chumba kimoja, na baba haingii ndani ya nyumba ya mwanawe. Wanaongea habari za ng'ombe na mvua, wakimaliza kila mtu anashika njia. Mambo ya moyoni yanapita kwa mama.

"Mwambie mume wako akaichukue," Mama Mokami akaniambia. "Baba yake amekubali. Ila asiseme nimesema habari ya macho."

Nikamwambia Wangwe yote, habari ya macho nayo. Mimi na siri hatukai pamoja. Alikuwa ameshika bisibisi, akaiweka chini taratibu, akatoka nje. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, akasema ni moshi wa jikoni. Jikoni kwangu moto ulikuwa umezimwa tangu asubuhi.

Akaileta. Loo, ilikuwa nzito! Kioo peke yake kilinishinda. Akaiweka mezani pale chumbani, meza inayogusa ukuta wa nje, akafungua skrubu za mfuniko huku amebana pumzi. Akafunua.

Ndani kulikuwa na majivu.

Siyo vumbi, majivu hasa, meupe, laini, yamejaa mpaka juu kama mtungi wa mbegu. Wangwe akapiga magoti. "Nani amefanya hivi? Nani ana roho mbaya namna hii?"

Mimi nilijua mara moja, maana hata mama yangu hufanya vile vile. Mbegu ukiitaka isiliwe na dumuzi, unaichanganya na majivu. Nikaenda kumuuliza mama mkwe, naye akanijibu bila wasiwasi kabisa, tena kwa fahari. "Ndiyo, mimi. Kila mavuno nikitia majivu kwenye mtama, na yeye nilikuwa namtilia kidogo kwenye vile vitundu vyake. Kwani kuna mdudu aliyeingia?"

Hapakuwa na mdudu. Hata mmoja. Hapakuwa na panya, hapakuwa na mende, hapakuwa na kutu ya maana. Wangwe alisafisha kwa mswaki wa Happy na brashi ya rangi, siku baada ya siku, na kadiri majivu yalivyotoka alianza kutabasamu. Alimpigia picha yule Mpolandi. Mpolandi akajibu kwamba tangu aanze mambo hayo hajawahi kuona kompyuta iliyohifadhiwa na bibi kwa majivu ya kuni, akaomba jina la Mama Mokami alibandike ukutani kwake. Tulipomweleza, mama mkwe akasema ni vizuri, lakini huyo Mpolandi ana mbegu gani?

Shida ikabaki kwenye diski. Wangwe alinieleza, nami nitakueleza nilivyoelewa: ndani yake kuna sahani inayozunguka, na ile sahani ilikuwa imeganda. Aliianika juani. Aliigonga na mpini wa bisibisi, polepole, kama anayegonga mlango wa mgonjwa. Akaiweka wima, akailaza, akaiegemeza. Kila jioni aliwasha, nayo ikalia ti-ti-ti, ikanyamaza. Nilikuwa nimeshaacha kumgombeza. Nilimletea chai, nikakaa kitandani nikimtazama, maana niliona hafanyi tena mchezo. Alikuwa anakimbizana na macho ya baba yake.

Basi Jumamosi moja, mchana, niko nje naanua mahindi, nikasikia kelele. "Mama Happy! Njoo! Njoo mbio!"

Nikaingia na ungo mkononi. Kioo kilikuwa kimewaka. Herufi za kijani, kijani cha jani la kahawa likilowa mvua, na chini yake kistari kidogo kinapepesa, kinawaka, kinazima, kinawaka. Diski ilikuwa inanguruma sawasawa. Alikuwa ameipindisha kwa ubavu na kuiegemeza kipande cha tofali, ndipo ikakubali. Haki ya Mungu, mimi niliyekuwa nacheka, nywele zilinisimama.

"Kamwite Tata," Wangwe akasema, hatazami pembeni. "Sasa hivi. Hii nikiizima sidhani kama itaamka tena. Na nikiisogeza inazunguka namna hii, sahani itakwaruzika, itakufa. Na jua likiingia mawinguni betri haitafika jioni."

Nikakimbia. Boma la wakwe ni hapo ng'ambo ya migomba. Mzee alikuwa ameketi juani. Nikasimama kwa mbali kama inavyotakiwa mkwe, nikapiga goti. "Shikamoo, Tata. Wangwe anasema imewaka."

Alisimama, akaingia ndani, akatoka amevaa koti lake la kanisani. Mama Mokami akamshika mkono, nami nikatangulia, nikidhani amemshika kwa sababu ya mawe ya njiani.

Tulipofika mlangoni kwangu, mzee akasimama. Nikakumbuka. Jamani, katika haraka zote zile, hakuna aliyekumbuka!

"Tata, karibu ndani," Wangwe akaita kutoka chumbani.

"Mwanangu, unaniita wapi?" mzee akasema. Hakufoka. "Tangu uoe sijavuka hapa. Sasa nivuke niende mpaka kwenye kitanda chako na mke wako? Kwa ajili ya kompyuta?"

"Tata, ni dakika moja tu. Nani ataona?"

"Mimi nitaona."

Chumba kile kina kidirisha kimoja kidogo, juu, upande mwingine. Hata mtu mwenye macho mazima asingeona kitu kwa pale, sembuse yeye. Nilimsikia Wangwe ndani anahema. Alikuwa mtu mzima mwenye watoto, na alikuwa karibu kulia. Mzee alikuwa amesimama na koti lake la kanisani, ameinamisha kichwa, hata hataki kuondoka. Na mimi hasira ikanipanda. Sijui nilimkasirikia nani. Siyo mzee, yeye alikuwa sahihi. Siyo mume wangu. Nilikasirikia ule ukuta.

Nikachukua jembe.

"Boke, unafanya nini?" Mama Mokami akauliza.

"Natoboa."

Nikazunguka nyuma, mahali ambapo meza iko kwa ndani. Kwanza nikamwaga ndoo nzima ya maji ukutani, maana vumbi lingeiua ile mashine, na udongo ukilowa hautoi vumbi. Nikapiga jembe. Ndani nikasikia, "Mama Happy! Umerukwa na akili? Huo ni ukuta!"

"Najua ni ukuta! Nilipiga udongo wake mwenyewe! Funika hiyo mali yako kwa shuka, unyamaze!"

"Mwache," Mama Mokami akamwambia mwanawe kwa kupaza sauti. "Nyumba ni ya mwanamke. Akitaka kuitoboa, aitoboe."

Udongo ukaanguka mabonge kwa mabonge. Nikavunja fito kwa mikono, nikapanua, mpaka tundu likatosha kioo cha kompyuta na mikono ya mtu. Baba hajaingia nyumba ya mtoto. Nyumba ndiyo imefunguka mbele yake, tena nje, hadharani, na jirani yeyote angeweza kupita akaona hakuna aibu. Nikaweka kigoda chini ya upenu. Nilikuwa nimelowa matope mpaka nyusi, na ninajisikia vizuri sana.

"Kaa hapa, Tata," nikasema.

Wangwe akatoa shuka. Akapitisha kibodi kwenye tundu, waya wake ulitosha, mzee akaipokea magotini. Halafu Wangwe akakishika kioo kwa mikono miwili, akakigeuza taratibu kielekee nje.

Nilikuwa nimeinama pale, nikaona yote. Kile kioo kilitoa mlio mdogo, tii. Herufi zikajikunja, zikawa mstari mmoja, mstari ukawa nukta, nukta ikapotea. Kikabaki cheusi, na ndani yake nikaona uso wangu wenye matope. Diski yenyewe iliendelea kunguruma nyuma, haina habari.

Wangwe akanitazama. Sijawahi kuona uso wa mtu ukianguka vile. Akafungua mdomo amwambie baba yake.

Mzee akawahi. Alikuwa ameinama mbele, pua yake karibu iguse kioo. Akatabasamu, akasema, "Naiona."

Wangwe akaufunga mdomo.

"Naiona, mwanangu. Kijani kile kile. Na kale kastari kake kanapepesa. Hongera sana. Umefanya kazi ya kiume."

Nikahisi mkono wa Mama Mokami begani kwangu. Akaninong'oneza sikioni, "Haoni kitu tangu kuvuna mahindi. Hata mwanga. Alinikataza nisiseme. Alisema kijana akijua atavunjika moyo, ataiacha, na yeye alitaka amalize."

Nikaziba mdomo kwa kanga yangu yenye matope. Machozi yalinitoka, na sikuyaficha, kwa nini niyafiche?

Wangwe hakuwa amesikia manong'ono, lakini hakuhitaji. Alikuwa anamtazama baba yake kupitia tundu, uso kwa uso, karibu kuliko walivyopata kukaa tangu awe kijana. Mzee alikuwa anatazama pembeni kidogo ya kioo, kwenye udongo wa ukuta, na bado anatabasamu. Mume wangu akapangusa uso kwa kiganja. Halafu akasema, sauti imekaa sawa, "Ndiyo, Tata. Imetulia vizuri. Andika kitu."

Vidole vya mzee vikatembea kwenye kibodi, vikatafuta, vikapata. Vikabonyeza herufi tatu na kile kitufe kikubwa. Diski ikakoroma ndani, krr, krr, na mzee akacheka kwa sauti. Ni mara ya kwanza mimi kumsikia akicheka tangu niolewe pale.

"Imeleta," akasema. "Majina ya kazi zangu yote. Nisomee, mwanangu, macho yangu yanachoka upesi siku hizi."

Wangwe akafumba macho. Kabla hajaniita alikuwa ameshayasoma majina yale mara nyingi, kwa furaha tu, kama mtu anayerudia kusoma ujumbe wa mpenzi. Akaanza. "Kahawa. Wakulima. Magunia. Mbolea..."

"Umeruka Mizani," mzee akasema.

"Samahani, Tata. Magunia, Mizani, Mbolea."

"Halafu Mvua."

"Ndiyo. Mvua. Halafu Miche."

"Halafu Barua," mzee akasema, na kidole chake kikagusa kioo cheusi, kikashuka polepole kama anayeonyesha mstari. "Hapo. Hapo chini."

"Hapo chini, Tata. Nimeiona."

Wakaendelea hivyo, mmoja ndani, mmoja nje, wakipokezana majina mpaka yakaisha. Diski ikanguruma. Jua likaanza kuingia mawinguni.

"Sasa izime isije ikaungua," mzee akasema. "Izime, mwanangu. Nimeshaona."

Wangwe akaweka mkono kwenye swichi. Ule mngurumo ukashuka, ukashuka, ukaisha. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaelekeza uso upande ambao mimi nilikuwa nalia, akasema, "Na wewe, mkwe wangu, asante. Umeona jinsi ilivyo nzuri?"

"Nimeona, Tata," nikasema. "Ni nzuri sana."